Mashine Ije Mwisho

Kijana aliyekulia Rahaleo, pale Mtwara mjini, akitamani kuwa mtafiti wa tiba anayefanya kazi na wanyama wa maabara, ana safari ndefu ya kufuata masomo. Dar es Salaam, kiliko Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), ni zaidi ya kilomita 550. Akienda Morogoro kusomea tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), anaongeza karibu 200 nyingine. Huko, kwenye majarida na mikutano, atakutana na kifaa ambacho kimeufungulia utafiti wa ubongo mlango mpya tangu mwanzoni mwa karne hii: altrasaundi ya kulenga inayoongozwa na picha. Siku akirudi kusini, au akikabidhiwa maabara popote nchini, swali litamjia. Akiagize?

Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa mkuu wa taasisi atakayetia saini andiko lake la kuomba fedha. Ushauri wenyewe unaweza kusemwa mapema: mashine iwe kitu cha mwisho kuagizwa. Maji, umeme, chumba cha wanyama, kifaa cha kuhakiki nguvu ya mawimbi na fundi wa kuitunza vitangulie. Sababu zimo ndani ya kazi ya kifaa chenyewe.

Kazi hiyo inaeleweka kwa kuanzia baharini. Wavuvi wa Msimbati na Mikindani, kwenye pwani ya Mtwara, wanajua baruti inavyoua samaki. Uvuvi huo haramu umeisumbua pwani ya kusini kwa miongo mingi, na kila aliyewahi kumpasua samaki wa baruti ameona jambo lilelile: magamba mazima, nje hana jeraha, lakini ndani kibofu cha hewa kimepasuka na damu imevia kandokando ya uti wa mgongo. Mshindo hupita majini na kwenye nyama karibu sawa, kwa sababu sehemu kubwa ya nyama ni maji. Ukifika penye hewa, hapo ndipo madhara hutokea. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alikuwa akitafuta njia ya kuzigundua nyambizi kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, akaona samaki wadogo waliopita mbele ya mawimbi yake wanakufa. Mwaka 1927 Robert Wood na Alfred Loomis, Marekani, wakachapisha uchunguzi wao wa mawimbi hayo juu ya viumbe hai. Sayansi hii yote ilianza na mnyama ndani ya maji.

Altrasaundi ya kulenga hufanya kwa utaratibu kile ambacho baruti hufanya kwa fujo. Sehemu inayotoa mawimbi, yaani transdyusa, hupindwa kama bakuli ili mawimbi yote yakutane kwenye doa moja. Njiani kila wimbi ni dhaifu na halidhuru kitu. Kwenye doa yanapokutana, nguvu huwa kubwa, na mtafiti huamua aitumie vipi: kuunguza uvimbe, kuusaga kwa viputo, kuamsha neva, au kuufungua kwa muda ule ukuta mwembamba unaozuia dawa nyingi kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo.

Hilo la mwisho ndilo lililowavuta wengi. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, William na Francis Fry, walikuwa wameshalenga mawimbi kwenye ubongo wa paka, lakini ilibidi kwanza waondoe mfupa wa fuvu. Mwaka 2001 Kullervo Hynynen na wenzake waliwaonyesha wanasayansi, kwa kutumia sungura, kwamba viputo vidogo sana vikidungwa kwenye mshipa kabla ya kupiga mawimbi, ukuta wa damu na ubongo hufunguka kwa nguvu ndogo, kisha hujifunga wenyewe. Mwaka 2015 mgonjwa wa kwanza mwenye saratani ya ubongo alifanyiwa hivyo katika hospitali ya Sunnybrook, Toronto, bila kupasuliwa fuvu. Miaka 14 kutoka kwa sungura hadi kwa binadamu: msomaji anayedhani kazi ya maabara ya wanyama ni ya kupita tu ana sababu ya kufikiri tena.

Kwenye matibabu ya kawaida kifaa hiki kilianza kuingia mapema zaidi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikiruhusu mwaka 2004 kutibu fibroidi za mfuko wa uzazi, na mwaka 2016 kutibu ugonjwa wa mikono kutetemeka. Mama mjamzito aliyeandikiwa altrasaundi kliniki asishtuke kwa kusoma haya. Mawimbi ya kupiga picha ni ya ukoo uleule, lakini nguvu yake ni ndogo mno, hayakusanywi mahali pamoja kwa ajili ya kuunguza, na mashine ya kliniki haiwezi kugeuzwa ya kuchomea uvimbe kwa kubonyeza kitufe.

Kabla ya kuwaza bei, mtafiti na aandike swali lake kwenye karatasi moja. Wengi huanza na kifaa, kisha hukitafutia kazi. Chukua mfano wa malale. Aina ya malale inayopatikana Tanzania, ile ya Trypanosoma brucei rhodesiense, ikishafika kwenye ubongo ilitibiwa kwa miongo mingi kwa melasopro, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliua karibu mgonjwa 1 kati ya 20. Mtu angeweza kusema kwa haki: hapa kuna ugonjwa wetu, na kuna ukuta unaozuia dawa, basi tuufungue kwa altrasaundi. Lakini mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliweka vidonge vya feksinidazo kwenye mwongozo wake wa matibabu ya aina hiyo. Mgonjwa wa kijijini, pembeni mwa pori la akiba, anahitaji kidonge hicho kimfikie. Mashine ya mabilioni haimsaidii. Uvimbe wa ubongo, saratani ya ini, kifafa kisichosikia dawa: hayo bado ni maswali yaliyo wazi, na maabara ya Afrika Mashariki inaweza kuyajibu kwa heshima.

Swali likishajulikana, linachagua lenyewe masafa ya mawimbi. Hapa ndipo manunuzi mengi yanapoharibika, kwa hiyo inafaa kwenda polepole. Ndani ya nyama laini sauti husafiri karibu mita 1,540 kwa sekunde. Kwa megahezi 1, urefu wa wimbi moja ni kama milimita moja na nusu. Kwa nusu megahezi ni milimita tatu. Doa la mkutano haliwezi kuwa jembamba sana kuliko wimbi lenyewe, na kwa kawaida huwa refu kuliko upana wake mara kadhaa. Mashine za binadamu hutumia masafa ya chini ili mawimbi yapenye fuvu nene. Kofia ya kutibu ubongo yenye vitoa mawimbi 1,024 hufanya kazi kwa kilohezi 650, na nyingine kwa 220. Sasa mtu akichukua transdyusa ya masafa hayo akaielekeza kwa panya, ambaye ubongo wake una kimo cha kama sentimita moja tu, doa litaujaza ubongo kutoka juu mpaka chini, kisha mawimbi yatagonga mfupa wa chini wa fuvu na kurudi juu. Atadhani amelenga sehemu moja kumbe amepiga nusu ya kichwa. Kwa panya, megahezi 1 hadi 1.5 ni mahali pazuri pa kuanzia; fuvu lake ni jembamba na mawimbi hayo hulipenya bila taabu kubwa. Anayepanga kufanya kazi na sungura au mbuzi apige hesabu yake upya.

Picha nayo ina ngazi zake. Mashine zinazosifiwa zaidi hufanya kazi ndani ya MRI, kwa sababu MRI huonyesha doa liko wapi na pia hupima joto la nyama wakati mawimbi yanapigwa. Joto ni jambo la kuheshimiwa: watafiti huhesabu dozi kwa kulinganisha na dakika 240 kwenye nyuzi 43, na kila nyuzi moja inayoongezeka hukata muda huo kwa nusu. Ukifika nyuzi 56, sekunde mbili zinatosha kuua nyama. Kwa kazi ya kuunguza, kupima joto ni lazima.

Lakini kwa kazi ya kufungua ukuta wa ubongo wa panya, MRI si sharti la kuanzia. Kampuni ya FUS Instruments ya Toronto hutengeneza mashine ya mezani, RK-50, inayoongozwa na ramani ya ubongo: kichwa cha panya hushikwa kwenye fremu, alama za mifupa ya fuvu huwa sifuri, na mikono ya mota hupeleka doa kwa milimita kutoka hapo. Toleo lake la RK-300 ndilo la kuingizwa ndani ya MRI. Huko Pessac, jirani na Bordeaux, Ufaransa, kampuni ya Image Guided Therapy nayo hutengeneza mifumo ya wanyama wadogo. Maabara inayoanza inunue ile ya mezani, ihakikishe kwa rangi. Rangi ya bluu ya Evans hudungwa kwenye mshipa, hujishika kwenye protini ya damu, na penye ukuta uliofunguka hutia doa la bluu linaloonekana kwa macho ubongo unapokatwa. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kudanganya mbele ya doa hilo.

Sasa maji. Wataalamu wa fani hii watakubali kwamba hewa inaweza kulifelisha jaribio zima. Sauti ikitoka kwenye maji na kukutana na hewa, karibu yote hurudi ilikotoka. Kwa hiyo kati ya transdyusa na mnyama kusiwe na kiputo hata kimoja. Maji ya bomba hayafai, na maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, japo hayana chumvi, bado yamejaa hewa iliyoyeyuka. Katika joto la pwani maji yaliyoachwa wazi huwa na kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Yachemshwe yatokote, yafungwe yakiwa bado ya moto, yapoe ndani ya chombo kilichojaa mpaka juu, au yavutwe hewa kwa pampu ya vakyumu. Kisha yapimwe. Kipimo cha oksijeni ni kilekile wanachotumia wafugaji wa samaki kwenye mabwawa, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na mashine. Maji yaliyoandaliwa asubuhi, mchana yameanza kunywa hewa tena.

Kazi iliyobaki ni ya mikono. Panya akishalala, nywele za kichwani zinyolewe kwa mashine, kisha zipakwe krimu ya kuondoa vinyweleo na kuoshwa mpaka ngozi ibaki tupu, kwa sababu kila unywele hushika hewa kwenye shina lake. Jeli ya altrasaundi isikamuliwe moja kwa moja kutoka kwenye chupa iliyotikiswa. Ijazwe kwenye bomba la sindano, izungushwe kwenye sentrifyuji ili viputo vipande juu, ndipo ipakwe polepole kuanzia katikati kwenda pembeni. Mfuko wa maji ushushwe ukiwa umeinama kidogo, upande mmoja utangulie kugusa, hewa isukumwe itoke. Fundi mwenye subira huinamia pale na tochi, akatazama kwa ubavu, na akiona kiputo kidogo kinang'aa, hufuta kila kitu na kuanza tena.

Viputo vinavyodungwa kwenye damu navyo vina masharti yao. Baadhi ya aina huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na zikishaandaliwa haziwekwi hadi kesho. Zikisukumwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba sana, hupasuka kabla ya kufika kwenye mshipa, na mtafiti hupiga mawimbi juu ya damu isiyo na kitu. Hata gesi ya kumlaza mnyama ina sehemu yake: akivuta dawa ya usingizi iliyochanganywa na oksijeni tupu, viputo hufa mapema kuliko akivuta iliyochanganywa na hewa ya kawaida. Mtafiti achague moja na asibadilishe katikati ya utafiti.

Umeme. Mtwara huzalisha umeme kwa gesi ya Mnazi Bay, na tangu 2015 gesi hiyohiyo husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, lakini kuishi jirani na gesi hakujawahi kumaanisha soketi isiyokatika. Mota zinazobeba transdyusa zikizimika katikati ya zoezi husahau zilipo, na mnyama aliyelala hawezi kusubiri jenereta iwake. UPS iwepo kwa ajili ya mashine, kompyuta na pedi ya kumpasha mnyama joto, ethi ya jengo ipimwe na fundi mwenye leseni, stabilaiza iwekwe. Na chumvi ya baharini ipewe uzito wake. Pepo za kusi na za kaskazi, zote mbili, hupita baharini, na unyevu wake hula viungio vya nyaya ndani ya miezi. Chumba kiwe na kiyoyozi kinachofanya kazi usiku pia, na viunganishi vihifadhiwe kwenye makasha yenye silika.

Kuhusu wanyama, Tanzania haina haja ya kuanza kwa unyonge. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO lina makao yake SUA, likifundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa haina tena maeneo yanayojulikana ya mabomu hayo. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Walezi wao huwapaka krimu ya jua masikioni na mkiani, na huwatoa kazini kabla jua halijawa kali. Huo ni ujuzi wa Kitanzania wa kumsoma panya, kujua amechoka lini na ameogopa nini. Maabara ya altrasaundi iwatafute watu wa namna hiyo mapema, kabla ya mhandisi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inagusa pia wanyama wa utafiti, na kamati ya maadili ya taasisi itauliza maswali matatu yaliyowekwa na William Russell na Rex Burch mwaka 1959: je, mnyama anaweza kuepukwa kabisa, idadi inaweza kupunguzwa, mateso yanaweza kupunguzwa? Altrasaundi ya kulenga ina majibu mazuri kwa yote matatu, kwa anayejiandaa. Mafunzo ya kwanza yote yafanywe bila mnyama. Jeli ya kemikali iliyochanganywa na ute wa yai huwa angavu, na mawimbi yakilenga vizuri hutokea ndani yake doa jeupe lenye umbo la punje ya mchele. Mwanafunzi huona kwa macho yake urefu na upana wa anachokipiga. Baada ya hapo atumie nyama kutoka machinjioni. Panya hai aje baadaye, akiwa na kundi la kulinganisha lililolazwa, likanyolewa, likadungwa viputo na kuwekwa chini ya mashine iliyozimwa. Bila kundi hilo hakuna anayeweza kusema kilichotokea kimeletwa na mawimbi au na dawa ya usingizi. Panya aliyelala hupoteza joto haraka hata kwenye hali ya hewa ya Mtwara, hasa chumba kikiwa na kiyoyozi, kwa hiyo kipimajoto na pedi viwepo tangu siku ya kwanza.

Kifaa kinachosahaulika kuliko vyote kwenye bajeti ni haidrofoni, kipaza sauti kidogo cha majini kinachopima shinikizo kwenye doa. Skrini ya mashine huonyesha nguvu iliyoagizwa tu, wala haionyeshi iliyofika. Transdyusa huzeeka, gundi yake huachia, amplifaya hudhoofika. Maabara isiyo na haidrofoni itachapisha namba isizozijua. Kama fedha ni za kifaa kimoja tu kati ya transdyusa ya akiba na haidrofoni, haidrofoni ichukuliwe.

Lora Perry na Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke walipochambua, mwaka 2011, orodha za vifaa tiba kutoka nchi 16 zenye kipato kidogo, walikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Sababu walizozitaja zilikuwa mafunzo, usimamizi na miundombinu. Taasisi nyingi nchini zina chumba chenye kifaa kilichofunikwa shuka. Ili altrasaundi isifuate njia hiyo, jina la fundi liandikwe kwenye andiko la mradi pamoja na mshahara wake. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) hufundisha mafundi wa vifaa tiba, na kijana wa diploma aliyepelekwa kiwandani kwa wiki kadhaa ataifaa maabara kuliko mhandisi wa kigeni anayekuja mara moja kwa mwaka.

Mkataba wa ununuzi, uwe umepitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, au ufadhili wa nje, utaje mambo haya kwa maandishi: cheti cha vipimo vya transdyusa yenyewe iliyotumwa, wala si cha mfano wake, leseni ya programu isiyokufa baada ya miaka mitatu, michoro ya umeme, vipuri vya mihuri ya maji na nyaya, na nani atalipa usafiri transdyusa ikirudishwa kiwandani. Muuzaji anayekwepa swali la cheti aachwe.

Atakayeanza leo na atumie miezi mitatu ya kwanza kuandaa maji na kupima oksijeni yake kila siku, kupima umeme wa jengo mchana na usiku, na kutengeneza jeli za ute wa yai. Aombe nafasi ya kutembelea maabara inayotumia mashine kama anayoitaka, aombe kuiona ikifunguliwa na kuoshwa, si ikionyeshwa wageni. Fomu ya kamati ya maadili ijazwe katika miezi hiyohiyo, si baada ya mzigo kutoka bandarini, kwa sababu kamati hukutana kwa ratiba yake, hurudisha maombi yenye upungufu, na huenda ikaomba kwanza ikague chumba cha wanyama.